Amplifaya nyepesi ya besi: wati 800, boksi moja, na kwa nini hujisikii jukwaani

"Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa la besi la nyuzi nne katika bendi ya watu sita: dramu, kinanda, magitaa mawili ya juu, mwimbaji na mimi. Tunapiga kwenye harusi, kumbi ndogo na mara nyingine nje. Amplifaya yangu ni kombo ya zamani (amplifaya na spika katika boksi moja), kilo karibu 40, na mgongo umeanza kuuma kila baada ya shoo. Nimepata ofa ya kichwa chepesi (amplifaya isiyo na spika ndani) cha wati 800, kilo moja na nusu tu, pamoja na boksi moja la spika ya inchi 12, omu 8. Rafiki yangu ambaye naye ni mpiga besi ananionya kwamba vyombo vyepesi havina uzito wa sauti na vinaungua upesi; anasema nitafute angalau wati 1,000 au nibaki na yangu. Jambo lingine linalonitatiza: jukwaani mara nyingi sijisikii, naongeza sauti, halafu watu wa mbele wanalalamika kuwa besi imezidi. Wati zaidi zitamaliza hilo? Ninunue au niache?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina maswali mawili. La kwanza ni kama chombo chepesi kinaiweza kazi ya chombo kizito. La pili ni kwa nini hujisikii ilhali watu wa mbele wamezidiwa, na hilo ndilo linalokuumiza zaidi kimuziki ingawa umeliweka mwishoni. Jibu langu kwa ufupi: kichwa chepesi usikiogope, boksi moja la inchi 12 lipime kwanza kabla hujatoa pesa, na hilo la kutojisikia haliponi kwa wati, hata ukiziongeza mara tatu.

Tuanze na uzito. Ukifungua kombo yako utakuta kwamba, ukiacha mbao, kilo nyingi zimebebwa na vitu viwili: transfoma na sumaku ya spika. Transfoma ya kizamani inafanya kazi kwa mwendo uleule wa umeme wa ukutani, mizunguko 50 au 60 kwa sekunde. Kila mzunguko lazima ibebe fungu kubwa la nishati, na kwa hilo inahitaji chuma kingi na waya mwingi wa shaba. Amplifaya nyepesi zinapita njia nyingine. Umeme wa ukutani unanyooshwa kwanza, kisha unakatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde au zaidi, ndipo unaingia kwenye transfoma. Ni kama watu wawili wanaohamisha maji kutoka pipa moja hadi lingine, mmoja kwa ndoo na polepole, mwenzake kwa kikombe lakini kwa kasi ya ajabu: maji yanayofika yanalingana. Ndiyo maana transfoma inayoenea kiganjani inaweza kulisha amplifaya ya mamia ya wati.

Sehemu inayokuza sauti nayo imebadilika. Katika amplifaya ya kawaida transista hukaa nusu wazi muda wote, na umeme usiokwenda kwenye spika unageuka joto; ndiyo sababu ya yale mapezi makubwa ya alumini mgongoni. Katika amplifaya za daraja D, transista ina hali mbili tu, imefunguka yote au imefunga yote, na inabadilika mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Upana wa kila pigo ndio unaofuata umbo la sauti yako, kisha koili na kapasita mwishoni zinayalainisha mapigo hayo yawe wimbi la muziki. Joto linalopotea ni dogo, kwa hiyo mapezi makubwa hayahitajiki. Wapo wanaosema kwa uhakika mkubwa kwamba hapo sauti inageuzwa namba za kompyuta ndiyo maana "haina roho". Si kweli. Hatua hiyo haiihitaji kompyuta wala namba.

Upande wa spika, nafuu ililetwa na sumaku za neodimiamu, ambazo zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa ukubwa uleule zina nguvu nyingi kupita zile za kawaida za feraiti, hivyo kipande kidogo kinafanya kazi ya bonge zima la kilo kadhaa. Udhaifu wake ni joto: sumaku hizi hupoteza nguvu zikipashwa moto kupita kiasi mapema kuliko feraiti. Kwa matumizi ya kawaida hutaliona hilo, lakini ni sababu mojawapo ya kutokandamiza spika moja ndogo usiku kucha.

Sasa huo "uzito wa sauti" anaousema rafiki yako. Siyabishii masikio yake, kuna kitu amekisikia kweli. Ila anakitafutia chanzo pasipo pake. Amplifaya ambayo vizazi vya wapiga besi vimeifanya kipimo ni Ampeg SVT ya mwaka 1969: wati 300 za valvu, zile taa za kioo, kichwa peke yake kikikaribia kilo 40, kikiendesha maboksi ya spika nane nane za inchi 10. Mtu aliyezoea ukuta wa namna hiyo akisimama mbele ya boksi dogo la spika moja, lazima aone kitu kimepungua. Kilichopungua ni eneo la spika linalosukuma hewa. Kilo za kichwa hazina sauti.

Kuna na tabia ya valvu yenyewe. Ukiisukuma kupita uwezo wake haikati sauti ghafla. Inaukandamiza mchomo wa kidole polepole na kuongeza mawimbi ya juu yanayolingana na noti, na sikio linatafsiri hayo kuwa unene. Transista, ziwe za amplifaya nzito au nyepesi, zikifika mwisho hukata. Kwa hiyo amplifaya ya transista inatakiwa iwe na akiba ya wati ili mchomo wa kwanza wa kila noti upite salama. Ndiyo sababu unaona vichwa vyepesi vya wati 500 au 800 vikifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na valvu za wati 300. Ukiipenda ladha ile, vipo vichwa vyepesi vyenye valvu moja ndogo mwanzoni au sakiti inayoiga tabia hiyo, na vingi vinafanya hivyo vizuri. Vilevile viko vinavyokata sauti za chini mapema ili kuilinda spika, na hivyo sauti inakuwa nyembamba. Vichwa vyepesi havifanani, na chako lazima ukisikie kwa sikio lako.

Na jambo hili watu wachache hulifahamu. Uzi wako wa E ukiupiga wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Lile boksi maarufu la Ampeg la spika nane, kwa vipimo vya kiwanda chenyewe, linaanza kupungua nguvu karibu na hezi 58. Ina maana ule unene ambao watu wameupenda kwa miongo mingi hautoki hezi 41 kwa wingi. Unatoka kwenye pacha wake wa juu, hezi 82, na vingine vinavyofuata. Ubongo wako ukiyasikia hayo ya juu unajaza wenyewe ile ya chini. Liweke akilini, nitalirudia tukifika kwenye vitasa vya amplifaya, vile vya kuzungusha kurekebisha sauti.

Tuje kwenye wati. Zile 800 zilizoandikwa kwenye kichwa unachotaka kununua, karibu hakika ni za omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi boksi linavyouzuia umeme). Geuza mgongo wa chombo usome. Ukiunganisha boksi moja la omu 8, utapata takriban nusu yake au zaidi kidogo, tuseme wati 400 hadi 500. Usihuzunike. Sikio halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu pesa. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti unayoisikia lakini haikushtui. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa rudi kwa ushauri wa rafiki yako: kutoka wati 800 hadi 1,000 ni desibeli moja. Katikati ya dramu na kinanda hakuna atakayeitambua, hata wewe mwenyewe.

Fedha yako iende kwenye boksi. Kila boksi la heshima lina kipimo cha wepesi wake wa kutoa sauti: desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Boksi la desibeli 100 na boksi la desibeli 94 yanatofautiana desibeli 6, na desibeli 6 ni wati mara nne. Yaani wati 200 kwenye boksi la kwanza zitasikika sawa na wati 800 kwenye la pili. Muuzaji atakuimbia wati za kichwa mchana kutwa na hatakitaja kipimo hiki. Kiulize wewe. Lakini usikisome peke yake, kwa sababu fizikia ina masharti yake: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache. J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, ndiye mwenye kanuni hiyo, na inasema utapata mawili kati ya hayo matatu. La tatu utalikosa. Boksi dogo linalojisifu kwamba linafika hezi 35 limelipia sifa hiyo kwa kula wati nyingi.

Sasa, boksi moja la inchi 12 linatosha bendi yako? Inategemea mambo mawili: mpiga dramu wako, na kama ukumbini kuna mitambo inayoibeba besi. Kama besi yako inaingia kwenye miksa na spika kubwa za ukumbi zinaisambaza, boksi hilo ni kwa ajili yako na wenzako jukwaani tu, na litatosha vizuri. Kama mitambo ni ya waimbaji peke yao na amplifaya yako ndiyo inayopeleka besi hadi meza ya mwisho, hasa nje ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, boksi moja litazidiwa. Utaliona linajikaza, kisha litaanza kukoroma.

Kukoroma huko kunatokea hivi. Noti ikishuka oktavu moja, yaani hadi nusu ya hezi zake, tuseme kutoka hezi 82 hadi 41, inabidi spika iende mbele na nyuma umbali mara nne ili sauti ibaki na ukubwa uleule. Kila spika ina mwisho wa mwendo wake. Kichwa cha wati 800 kinaweza kuifikisha hapo kabla joto halijafika popote, na spika inaweza kuharibika kwa mwendo hata kama wati zilizoandikwa mgongoni mwake hazijatimia. Dawa yake ni spika nyingi zaidi, kila moja ikitembea kidogo.

Ndiyo maana napenda ofa yako ina boksi la omu 8. Lichukue hilo, na panga kuongeza pacha wake baadaye. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4. Kichwa kinatoa wati zake zote, eneo la kusukuma hewa linakuwa mara mbili, na kwenye sauti za chini unaweza kupata hadi desibeli 6 juu ya ulichokuwa nacho. Hakuna kichwa cha dukani kitakachokupa ongezeko hilo kwa boksi moja. Boksi la inchi 12 lenye neodimiamu mara nyingi lina kilo 12 hadi 16, kwa hiyo kila mkono unabeba moja, na siku ya kazi ndogo unaondoka na moja tu. Nunua yanayofanana, kampuni moja na aina moja, kisha yapange moja juu ya lingine. Ukiyaweka ubavu kwa ubavu, sauti za kati zitasikika vizuri kwa aliye katikati na kupotea kwa waliosimama pembeni. Kitu kimoja usikifanye: boksi la tatu. Matatu ya omu 8 yanashuka chini ya omu 3, na kama kichwa chako kimeandikwa mwisho omu 4, kitajizima au kitaungua.

Hapo nimefika kwenye tatizo lako la kutojisikia, na ningeomba ulisome hata kama mengine umeyaruka. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi refu namna hiyo halina mwelekeo. Linaizunguka spika, linapanda kuta, linajikusanya kwenye kona za ukumbi. Sauti za kati na za juu za besi yako, zile zinazokuambia umepiga noti gani na kidole kimegusa wapi, zinakwenda mbele kama mshale. Boksi likiwa sakafuni na wewe umesimama hatua moja mbele yake, mshale huo unapita magotini mwako na kuwafikia watu wa mbele. Masikio yako yanabaki na mngurumo usio na umbo. Unaongeza sauti, mngurumo unaongezeka, mshale unawachoma wageni wa meza ya kwanza. Ukinunua wati 1,000 utawachoma zaidi.

Linyanyue boksi. Liweke juu ya kiti imara au stendi, au liegemeze nyuma hadi spika ikutazame usoni. Utashangaa jinsi utakavyokuwa ukipunguza sauti badala ya kuongeza. Ukilinyanyua utapoteza kidogo ule msaada wa sakafu kwenye sauti za chini, na kwenye jukwaa la mbao lenye uwazi chini yake hiyo ni faida, maana majukwaa hayo hutetemeka na kuongeza noti ambazo hukuzipiga. Pamoja na hilo, angalia ukuta wa nyuma. Spika ikiwa takriban mita moja kutoka ukutani, sauti inayogonga ukuta na kurudi inakutana na ile inayotoka mbele zikiwa kinyume, na zinafutana karibu na hezi 86. Hapo ndipo palipo unene wako wote. Kwa hiyo lisogeze karibu kabisa na ukuta, ukiacha nafasi ya kiganja kama tundu za hewa ziko nyuma, au lipeleke mbali mita mbili na nusu au zaidi. Kona liepuke, huko noti fulani zitavimba na nyingine zitanywea. Kabla ya shoo, piga polepole kila noti ya uzi wa E na A huku ukitembea ukumbini. Utazisikia zinazovimba na zinazopotea, na kusogeza boksi nusu mita mara nyingi kunabadilisha picha nzima.

Vitasa. Anza vyote katikati. Piga kwa nguvu ileile utakayoipiga wimbo ukichemka, siyo ile ya mazoezi ya chumbani, na pandisha geini (kitasa cha sauti inayoingia) hadi taa ya onyo imemete mara mojamoja, kisha rudisha kidogo. Baada ya hapo tumia masta kwa ukubwa wa sauti. Kitasa cha besi ndicho kinachoua spika nyingi. Ukikipandisha desibeli 12, kwenye masafa hayo umeiomba amplifaya wati mara kumi na sita. Unakumbuka nilisema unene unatoka kwenye pacha wa juu wa noti? Ukitaka sauti nene bila kumtesa mtu, pandisha masafa ya hezi 80 hadi 100 kidogo, punguza hezi 200 hadi 300 kama ukumbi unavuma, na usione haya kuongeza hezi 500 hadi 1,000. Ukiwa peke yako masafa hayo yanasikika kama pua. Ndani ya bendi ndiyo yanayokufanya usikike juu ya kinanda, hasa kama mpiga kinanda wako ana mkono wa kushoto mzito. Mwambie apande oktavu moja, kwa upendo; hilo peke yake limewahi kuokoa bendi nyingi. Kama kichwa kina kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, kiweke hezi 35 hadi 40. Hutasikia kilichoondoka, na spika itapumua.

Kwenye matokeo ya DI, yale ya waya wa XLR yanayokwenda kwa fundi mitambo, tafuta swichi inayochagua kabla au baada ya vitasa vyako. Iweke kabla. Vinginevyo kila ukijirekebishia sauti yako jukwaani, unamvurugia fundi sauti ya ukumbi mzima. Ikitokea mvumo unaoendelea, swichi ya kutenganisha ardhi kwenye DI ndiyo kazi yake. Usikate wala kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme, hata fundi mzoefu akikuambia. Mpiga besi anayeshika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maikrofoni anaweza kufa kwa kosa hilo.

Nyaya pia. Kutoka kichwani hadi boksini tumia waya wa spika, mnene, wenye viunganishi vya Speakon kama vipo. Waya wa gitaa unafanana na wa spika kwa nje ukiwa na jeki zilezile, lakini ndani ni mwembamba, unapata moto na unaweza kufupika (nyaya zake za ndani kugusana) ukaua kichwa. Vichwa vingi vya daraja D vina jambo la ziada: nyaya zote mbili za spika zina umeme, hakuna uliofungwa kwenye ardhi. Usiunganishe tokeo hilo na kifaa chochote kingine ila boksi la spika. Kwa upande wa faida, kwa kawaida kichwa cha transista hakidhuriki kikiwashwa bila boksi, kwa hiyo siku ya jukwaa la kimya unaweza kutumia DI yake tu na kujisikia kwenye monita. Amplifaya ya valvu usijaribu hivyo kamwe. Bila boksi inaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti.

Kuhusu kuungua upesi, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Vichwa vizuri vyepesi vina ulinzi dhidi ya joto, dhidi ya waya kufupika, na dhidi ya umeme uliokengeuka, na vinadumu miaka mingi. Tatizo ni siku vikiharibika. Ndani kuna vipande vidogo vilivyobandikwa juu ya bodi, na mara nyingi fundi habadilishi transista moja, anabadilisha moduli nzima kutoka kiwandani. Kama huna pa kuipata, umebaki na kisanduku kizuri cha kuwekea karatasi. Kombo yako nzito karibu fundi yeyote wa elektroniki ataifungua na kuitengeneza. Hii ni sababu halali ya kuchagua kampuni ambayo vipuri vyake vinapatikana unakoishi, na kukwepa jina usilolijua hata kama wati zake zimeandikwa kwa herufi kubwa. Soma pia kiwango cha volti: vingine vinakubali 100 hadi 240 bila swichi, vingine ni vya 120 peke yake au 230 peke yake. Ukipiga sana kwa jenereta, tafuta stebilaiza nzuri. Usizibe feni, usifunike kichwa na koti, na kwa kuwa ni chepesi kiweke juu ya mpira mwembamba, la sivyo mtikisiko wa boksi utakisukuma taratibu hadi kidondoke.

Nenda dukani na besi yako mwenyewe, siyo ya kuazima. Kisikie kichwa kwenye boksi hilohilo unalouziwa, kwa sauti ya shoo. Ikiwezekana omba kukijaribu kwenye mazoezi na mpiga dramu wako, maana hakuna sikio linaloweza kukisia hilo katikati ya duka tupu. Kama mnatumia mitambo inayoibeba besi, chukua vyote viwili. Kama amplifaya ndiyo inayobeba ukumbi, chukua kichwa na uwe na uwezo wa maboksi mawili ndani ya muda mfupi. Bila hilo, boksi moja la inchi 12 litakukatisha tamaa na utakuja kuamini maneno ya rafiki yako.

Mambo manne hayatibiki kwa barua. Ukihisi mtekenyo wa umeme ukigusa nyuzi au maikrofoni, acha kupiga na mwite fundi umeme akague ukumbi na vyombo kabla mtu mwingine hajagusa. Ukisikia harufu ya kuungua kutoka kichwani, chomoa na usikiwashe tena kujaribu. Masikio yakilia siku ya pili baada ya shoo, kapimwe. Sauti ya desibeli 85 inahesabiwa salama kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu, kwa hiyo desibeli 100 zinakupa dakika 15. Vaa vizibo. Na mgongo wako: maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au mguu kukosa nguvu ni ya daktari, tena upesi, na hayasubiri amplifaya mpya. Ukipata shida ya haja au ganzi kati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kombo ya zamani usiiuze bado. Iache nyumbani au mahali pa mazoezi ambako haibebwi, ipige pamoja na chombo kipya mara kadhaa, ujue ni kipi hasa unachokikosa. Ukishajua, niandikie aina ya kichwa na kipimo cha desibeli cha boksi, tutafute pamoja kama kilichobaki ni spika, vitasa au mahali ulipolisimamisha.